Askari Aliyebisha Wakati wa Eda

Kambini, 5 Oktoba 1990

Mama yangu Shariffa,

Amani ya Mungu iwe nawe, na iwe na shangazi Mahbuba aliyeacha nyumba yake kuja kukaa nawe edani. Mimi ni mzima ila visigino. Buti ni mpya na miguu yangu ni ya makubadhi.

Leo ni Ijumaa, tumepumzika. Naandika kwa sababu simu ya kambi ni moja na foleni yake inazunguka jiko. Nikiifikia nakusikia unasema "Alhamdulillah, Alhamdulillah," kisha huwezi kuendelea, na nyuma yangu mtu ananigonga bega. Naandika Kiswahili, maana Kiarabu changu cha kuandika unakijua mwenyewe. Wenzangu wananiita Zinjibari. Si kwa ubaya. Yupo anayetoka Sur, mji wa wavuvi, wanamwita Papa, na jirani yangu wa kitanda, Khattab, wanamwita Bibi Harusi kwa jinsi anavyochelewa kuamka.

Nywele wametunyoa sote siku moja. Ukitutazama kwa mbali tumefanana kama mayai kwenye trei. Wakubwa wetu hawalitaji neno vita. Wanasema "hali ilivyo." Kwa hali ilivyo tutaamka mapema zaidi. Kwa hali ilivyo hakuna kwenda nyumbani.

Gari la baba bado liko gereji ya Ghala? Mwambie mjomba Zahor asiliuze mpaka nirudi.

Mwanao,
Aflah


Al Khuwair, 19 Oktoba 1990

Mwanangu Aflah,

Nakuombea afya na subira, nami nikiwa katika hali ya kushukuru. Barua yako Zahor kaileta jana alipotoka wizarani, bado ina mkunjo wa mfuko wake. Shangazi yako anakusalimu sana, anasema upake visigino mafuta ya nazi kabla ya kulala na usiwaonyeshe wenzio.

Tupo. Yeye kajifanya bawabu wangu. Manukato hakuna, wanja hakuna, hata sabuni kaichagua isiyonukia. Habari za televisheni akizisoma mwanamume, anainuka anaifunika kwa kanga, nasikia sauti bila ya uso. Akisoma mwanamke anaifunua. Kwa hivyo vita vinavyotajwa mie navijua nusu kwa macho na nusu kwa masikio. Nimemwambia, "Mahbuba, yule bwana wa kwenye kioo ataniona wapi?" Kasema, "Yeye hakuoni, wewe unamwona. Kaa kimya, uko eda ya kaka yangu." Tukacheka, kisha akalia yeye, mie nikampikia chai.

Gari bado liko Ghala. Fundi alipiga simu kwa Zahor kuuliza mwenyewe yuko wapi, mbona haji kulichukua. Zahor akamwambia mwenyewe kasafiri. Sikumlaumu. Barua yako nimeisoma tena na tena nione kama lipo neno jengine. Umeuliza gari. Haya.

Jana Zahor kaja na machungwa. Nikakaa nayo mapajani. Marehemu baba yako alikuwa akilimenya chungwa kwa ganda moja lisilokatika, analirudisha pamoja, analiweka sahanini kama zima, kisha anakutuma wewe ukalichukue. Ulikuwa na miaka mitano na kila siku ulidanganyika. Au ulijifanya.

Langoni kwa kambi yenu siwezi kuja, unajua kwa nini.

Nna neno moja, nitalisema leo tu. Zahor alikuwa tayari kwenda jeshini kukuombea ruhusa. Watu walikuwa bado wanaingia kutoa pole, tanga halijaanuliwa, nawe ukasema hapana, ukabeba mkoba. Wangekupa wiki, labda mbili. Usinijibu kama hutaki.

Mama yako


Kambini, 9 Novemba 1990

Mama,

Natumai barua hii inakukuta umeamka vizuri. Mjomba kaja Ijumaa, kaleta mkate wa ufuta. Haukufika kitandani. Papa alikula vipande vyake na vya wasiokuwapo.

Tumefundishwa kuvaa barakoa za gesi. Ukivaa unasikia pumzi zako mwenyewe tu, kama mtu aliyelala karibu yako. Sajini anapiga filimbi, tunavaa. Anapiga tena, tunavua. Na hivyo mpaka uso unapata alama ya mpira. Khattab kasema sasa anajua wanavyojisikia dagaa wa mkebeni.

Siku ya Ijumaa mama za watu huja langoni na masufuria. Wanatandika majamvi nje ya ua, kila mmoja na wake. Kuna mmoja aliniuliza, "Ee Zinjibari, watu wako wamerudi Unguja?" Nikamwambia mama yangu yumo edani. Akanikatia paja la kuku wake. Nililila. Lilikuwa na chumvi nyingi.

Wanasema tutahamishiwa kambi nyingine, jangwani, kwa mafunzo ya pili. Baada ya hapo hakuna anayesema.

Lile neno lako nimelisoma.

Aflah


Al Khuwair, 4 Desemba 1990

Mwanangu,

Mungu akutunze huko uliko. Kwetu ni salama, baridi imeanza kidogo, nimetoa mablanketi. Jirani Muhsina kajifungua mtoto wa kike, wamemwita Maram. Nasikia kilio chake ukutani na sikichukii.

Jana asubuhi alibisha askari. Shangazi yako akamwambia kuwa nimo edani na sionani na wanaume, akaenda zake. Labda alikosea nyumba, majengo haya yote sura moja. Baadaye nikapata homa kidogo, leo sijambo.

Zahor anasema mmeshahama au mko njiani. Ukipata nafasi niandikie kama huko kuna maji ya kutosha. Ulikuwa ukinywa maji mengi tangu mdogo, unakunywa umesimama, baba yako anakwambia ukae.

Mama yako


Kambi ya pili, 5 Desemba 1990

Mama,

Salamu zangu kwako na kwa shangazi. Nitaandika upesi.

Juzi asubuhi ndipo tulipohamishwa. Lori la mbele likazimika kwenye barabara kuu, hapo Al Khuwair, karibu na kituo cha mafuta. Kutoka nilipokaa niliona antena ya jengo letu. Nilimwomba sajini nishuke. Akasema, "Mwenye kwao karibu ndiye hashuki. Akishuka harudi." Wote wakacheka. Alitaka mtu mmoja wa kwenda kutafuta maji ya injini, akamchagua Khattab kwa sababu kwao ni mbali.

Nikamwelekeza Khattab: jengo la pili nyuma ya duka la mapazia, ghorofa ya kwanza, mwambie mama yangu niko barabarani, aje asimame tu kando, hata dakika moja. Akakimbia. Mimi nikasimama juu ya lori nikitazama kona ile ya duka.

Alirudi peke yake na ndoo. Akasema hakuna mtu. Injini ikawaka, tukaondoka.

Tulipofika huku, nikamwona hanitazami usoni. Nikambana. Ndipo akasema. Shangazi alimjibu kwa Kiarabu kupitia mlangoni, kwamba uko edani, aende. Lakini kabla ya hapo, ndani, aliwasikia mkizungumza Kiswahili. Mlimdhania Mwarabu wa Nizwa. Khattab kakulia Tabora, mama. Kiswahili chake kinazidi changu. Alimsikia shangazi akiuliza, "Nifungue? Huenda anatoka kwa Aflah." Na akasikia sauti ya pili: "Mfukuze. Sitaki kusikia anachokuja kusema."

Ile si sauti ya shangazi.

Najua niliondoka vibaya. Ikiwa ni hasira, niandikie kuwa ni hasira. Nitaielewa kuliko maneno haya.

Aflah


Kambi ya pili, 21 Desemba 1990

Mama,

Natumai mko wazima. Barua yako ya tarehe nne imenifikia. Unasema askari yule huenda alikosea nyumba. Nadhani ya kwangu ilikuwa bado haijakufika, zimepishana njiani. Au imefika.

Maji yapo ya kutosha. Ninakunywa nimekaa.

Aflah


Al Khuwair, 8 Januari 1991

Mwanangu Aflah,

Nakusalimu kwa salamu ambazo nimechelewa kuzileta. Barua zako mbili zipo chini ya mto wangu tangu mwezi uliopita. Shangazi yako ananiuliza kila asubuhi, "Umemjibu mtoto?" Namwambia wino umekauka. Jana kaninunulia kalamu nne.

Hasira sina. Nilikuwa nazo kidogo siku ile ulipobeba mkoba, zikaisha kabla hujafika chini ya ngazi.

Sikiliza. Nilikuwa na kaka anaitwa Muhanna. Jina unalijua, tunalisoma kwenye khitma, zaidi ya hapo sijakwambia. Alikuwa mrefu, alikuwa akifunga kikoi vibaya, kikimvuka anakishika kwa mkono mmoja huku anaendelea kuzungumza. Siku zile mbaya za Unguja, mie nikiwa bado mtoto, alitoka kwenda kununua mkate. Mama alimwambia asitoke, akasema duka lenyewe ni hapo tu. Tukamngoja. Ikabishwa hodi, si kwa mkono, kwa buti. Mama akafungua. Walisimama wanaume wawili, mmoja akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa aende akamchukue mtoto wake, yuko njiapanda. Mie nilikuwa nyuma nimeshika kanga yake.

Tangu hapo nilikaa na wazo langu la kitoto, sijamwambia mtu, hata baba yako. Kwamba mama asingefungua, Muhanna angekuwa bado yuko dukani anangoja mkate wake. Tukikaa kimya, watu wale wangekwenda zao na maneno yao.

Mie ni mtu mzima sasa, nimezaa, nimezika. Lakini asubuhi ile nilipozisikia buti kwenye ngazi, zikaja mpaka kwetu zikasimama, sikuwa mtu mzima. Mahbuba akatazama kwenye kitundu akasema, "Askari." Nikaona kuwa maadamu sijaambiwa, wewe uko kambini unalalamika visigino. Eda ilikuwa karibu, nikajifunika nayo.

Na wewe ulikuwa barabarani umesimama.

Baada ya hapo sikulala, nikisema kama ni khabari mbaya watarudi. Hawakurudi. Nikafurahi. Kisha ikaja barua yako.

Sina zaidi. Mtoto wa Muhsina anakua. Mahbuba anataka kujua kama huyo kijana wa Tabora kaposa, anasema mwenye masikio mazuri hivyo atamfaa binti yake Nasriya. Ndivyo anavyoomba radhi, hajui njia nyengine.

Mama yako


Kambi ya pili, 18 Januari 1991

Mama yangu,

Barua hii kaichukua mjomba Zahor mkononi, aliruhusiwa kuingia mpaka ofisini. Natumai umeipata leo leo.

Jana vita vimeanza. Hapa hawasemi tena "hali ilivyo." Tulikusanyika kwenye redio ya jikoni, wapishi wameacha moto unawaka. Papa, ambaye hula na vya wasiokuwapo, aliuacha mkate wake.

Ya kwako nimeyasoma. Sijui la kusema juu ya mjomba Muhanna, nimemwombea. Mimi pia nitakwambia jambo, kisha tusilizungumze kwenye simu.

Siku ya kumwosha baba, mjomba alinipa mimi miguu. Aliona ni kazi nyepesi kwa kijana. Nilikuwa namwagia maji nikaona mguu wake una alama ya mkanda wa kiatu, ile ndala ya bluu, nyeupe juu ya ngozi nyeusi. Nikasugua. Nilidhani itatoka. Mjomba akaniambia, "Acha, baba, hiyo ni jua." Nikaendelea kusugua mpaka akanishika mkono.

Baada ya hapo kila mgeni aliyeingia kunipa pole nilimtazama miguu. Viatu vyote vile mlangoni. Nisingeweza kukaa pale siku ya pili. Wito wa jeshi ulipokuja nilishukuru, na nikajionea haya kwa kushukuru. Ndiyo sababu. Huku kila mtu ana buti, hakuna mguu wa mtu unaoonekana.

Tunaondoka kwenda kaskazini Ijumaa ijayo, asubuhi baada ya jua kutoka. Tutapita barabara kuu, hapohapo. Hatutasimama. Sitamtuma mtu kwako. Najua eda yako imebakia siku chache tu na najua shangazi. Nakwambia ili ujue saa ile kwamba napita, basi.

Mwanao anayekupenda,
Aflah


Al Khuwair, 27 Januari 1991

Mwanangu,

Mungu akuweke na wenzio wote, mmoja mmoja. Sijui barua hii itakufuata wapi. Zahor kasema niandike namba ya kikosi na nisiulize mahali.

Alkhamisi nilimwambia Mahbuba, "Kesho natoka." Alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua uso.

"Unatoka wapi?"

"Barabarani. Lori za watoto zinapita."

"Shariffa, zimebaki siku za kuhesabu kwa mkono mmoja. Umekaa vizuri miezi yote, leo ukasimame barabarani kama muuza kuku? Watu watasema nini juu ya kaka yangu?"

Muhsina alikuwapo, mtoto begani. Akasema, "Bi Mahbuba, mwenye eda akiwa na haja hutoka mchana, akarudi kulala kwake. Hata sheikh ukimuuliza atakwambia."

"Haja gani? Dawa? Mahakama?"

Nikamwambia, "Haja yangu."

Kaukung'uta ungo, akasema, "Sikubali," akaingia chumbani. Hakuja kula.

Asubuhi nimevaa, natoka nje namkuta keshasimama kwenye ngazi na buibui lake, uso kaukunja. Akaniambia, "Tembea basi, unangoja nini? Na uinamishe macho."

Tukavuka kwa duka la mapazia tukasimama kwenye changarawe, chini ya taa. Magari ya watu wa maofisini hayakuwapo, Ijumaa. Upepo ulikuwa baridi. Mahbuba kasimama mbele yangu kunikinga nisionwe, kila gari likipita anatanua buibui. Nikamwambia, "Mahbuba, nami sioni." Akasogea nusu hatua.

Kisha yakaja malori. Nilidhani yatakuwa matatu manne. Yalikuwa mengi, yakifuatana, mazito, ardhi inatetemeka mpaka magotini. Na nyuma ya kila moja wamekaa vijana, helmeti zile zile, nyuso zile zile. Aflah, sikukujua. Nilikuzaa, na sikukujua. Nilikuwa natafuta shingo yako, nikaona shingo mia. Basi nikainua mkono nikampungia wa kwanza niliyemwona, na wa pili, na sikuushusha tena. Walikuwa wananipungia. Wote walinipungia, mwanangu, hata waliokuwa wakubwa wa masharubu.

Mahbuba akasahau kunikinga. Alikuwa anakimbia hatua mbili tatu kando ya kila lori anakuita kwa jina la baba yako, "Aflah! Aflah wa Amur!" kwa sauti ambayo haijasikika Al Khuwair nzima. La mwisho lilikuwa la maji, halina mtu ila dereva Mhindi. Hata hilo kaliita.

Tulirudi nyumbani. Kwenye ngazi akaniuliza, "Umemwona?" Nikasema, "Nimemwona." Sikutaka avunjike moyo.

Kwako siwezi kusema uongo. Sijui kama nilikuona. Niandikie ulikuwa wapi.

Mama yako


Kaskazini, 12 Februari 1991

Mama yangu,

Natumai eda imekwisha kwa salama, umeoga, umevaa nguo ya rangi, na shangazi kafukiza udi wote aliouzuia. Mimi ni mzima. Baridi ya huku inaingia kwenye meno, na usiku tunasikia ndege zinapita juu, hatuzioni. Tunachimba, tunajaza magunia mchanga, tunachimba tena. Nimechoka namna ambayo hata kulala kunanichosha. Lakini ni mzima.

Nilikuwa lori la nne au la tano, upande wa ndani, nyuma ya Papa ambaye unajua ukubwa wake kwa mikate. Kwanza nilimsikia shangazi. Wote tuliisikia sauti, ila jina injini zililimeza; mimi tu nikaijua. Nikainuka, sajini akanivuta nikae, lakini nilikuwa nimeshakuona. Ulikuwa na shela nyeupe na mkono wako wa kulia juu. Ulikuwa unatazama lori la nyuma yetu. Sikuita. Niliona unavyowapungia, nikaogopa nikiita utaushusha.

Baada ya hapo nilikaa, nikamlilia baba mbele ya wenzangu. Hawakuniuliza. Khattab alinipa kofia yake nijifunike.

Sasa nikwambie kinachoendelea hapa. Jioni tukishakula wanagombania. Kila mmoja anasema yule mama wa barabarani alimpungia yeye. Papa anasema ulimtazama machoni. Yupo mmoja anaitwa Hatem, tumekuwa naye tangu kambi ya kwanza. Ijumaa zote zile hakujiwa na mtu langoni, alikuwa akienda kufua nguo wakati wa wageni. Yeye ndiye anayesema kwa sauti kuliko wote. Kaeleza mpaka mwendo wa mkono wako. Jana wakamtania, "We, akupungie wewe una nini?" Akaanza kufunga kamba za buti ambazo zilikuwa zimefungwa.

Khattab, anayejua kuwa yule ni mama yangu, akanitazama, kafungua mdomo anataka kusema. Nikamkanyaga mguu.

Nikamwambia Hatem, "Kweli. Nilimwona mimi. Alikuwa anakutazama wewe."

Mwanao,
Aflah